Joho la Kutu ni la Kijani

Jumatatu, tarehe 4

Wamemharibu. Mchana kweupe, mbele ya macho yangu, na muziki juu!

Shemeji, mume wa dada yangu, alipita dukani na simu yake, akanionyesha kionjo cha filamu ya Kutu. Kutu! Shujaa wangu tangu nikiwa na meno ya utoto. Mtu anayegusa chuma, chuma kinaliwa na kutu hapo hapo. Milango ya magereza, bunduki za majambazi, vyote unga. Vitabu vyake vya katuni ninavyo vyote, tangu toleo la kwanza. Nimeingoja filamu hii kuliko watu wanavyongoja harusi zao. Na wamemvisha joho la bluu.

Bluu!

Joho la Kutu ni la kijani. Si kijani cha majani, wala cha chupa. Ni kijani kile cha ukungu wa mkate uliosahauliwa kabatini. Na sababu ipo. Kutu hula chuma, ukungu hula kilichobaki. Joho linatuambia kwamba hata yeye mwenyewe ataliwa siku moja. Hakuna aliyenifundisha hayo. Niliyagundua peke yangu, nikipiga pasi.

Nikamweleza shangazi. Shangazi ndiye mwenye duka la dobi ninamofanya kazi, na ndiye mwenye nyumba ninamolala, kwa hiyo hana pa kukimbilia. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akauliza kama huyo mtu kavaa suruali. Nikasema kavaa. Akasema basi niache nguo za watu, nimalize yale mashuka.

Sina hamu na ukoo huu.

Ila kuna jambo moja linalonifanya nisipasuke. Filamu inafunguliwa Jumamosi kwenye ukumbi wa sinema wa mtaa wa nyuma, na mchoraji mwenyewe anakuja. Mzee aliyemzaa Kutu kwa mkono wake! Nitampelekea toleo langu la kwanza alisaini. Liko juu ya kabati, ndani ya mfuko wa nailoni, katikati ya mbao mbili. Siligusi bila kunawa. Dada yangu hana ruhusa hata ya kulipumulia. Mzee atalisaini, nami nitamwambia habari ya ukungu, na atajua kwamba duniani yupo mtu mmoja aliyemwelewa. Hilo tu. Sitaki kingine.

Jumanne, tarehe 5

Hasira. Nimeunguza kola ya shati la watu kwa hasira.

Nilisikia meneja wa ukumbi anatafuta mtu wa kuvaa joho Jumamosi, asimame mlangoni, kisha amsindikize mchoraji jukwaani. Nikaenda mbio na aproni yangu. Nilijiandaa kuulizwa maswali. Mama yake Kutu alikuwa nani? Kwa nini haogi mvua? Niulize chochote!

Hakuniuliza chochote. Alinisimamisha kwenye fremu ya mlango, akaniangalia kwa jicho pembe, akasema joho limekuja saizi moja na mimi ningelikanyaga. Mimi si mfupi. Milango ya pale ni mirefu mno.

Halafu akageuka. Na nani alikuwa amechutama nyuma ya friji la soda, bisibisi mdomoni? Shemeji. Ni fundi friji, alikuwa kazini. Akaambiwa asimame. Akasimama. Akaendelea kusimama. Mtu yule haishi kwenda juu. Meneja akapiga makofi, akasema huyu ndiye.

Shemeji, ambaye hajasoma ukurasa mmoja! Aliyeniuliza mwaka jana kama Kutu ni mtu au ni ugonjwa! Alikubali huku anacheka, akaniambia ni bahati iliyoje, jambo hili limebaki nyumbani.

Nyumbani kwa nani?

Jumatano, tarehe 6

Nimekwenda kwa dada kumtisha shemeji ajitoe. Nikamwambia mashabiki wa Kutu ni watu wakali, wakichukia kitu hutupa viti. Akasema haina neno, yeye amepigwa shoti mara nyingi. Nikamwambia joho lile linawasha. Akasema atavaa fulana ndani. Nikamwambia taa za jukwaa ni kali, na yeye amezoea ubaridi. Akanishukuru kwa kumjali.

Kisha akaniomba, kwa heshima zote, nimfundishe Kutu anavyotembea na anavyosalimia, asije akaniaibisha.

Nikaona mlango umefunguka. Nikamfundisha vizuri sana. Nikamwambia Kutu akikutana na mtu anayemheshimu huinama mpaka chini, kisha humshika sikio. La kulia. Kwa vidole viwili, polepole. Alirudia mara nyingi mbele ya kioo. Dada alitoka jikoni, akamkuta mumewe amenishika sikio, akarudi jikoni.

Jumamosi mzee atashikwa sikio mbele ya umati, atafoka, na shemeji atafukuzwa jukwaani. Nani atakuwa karibu, amejiandaa, anajua kila kitu? Nimecheka njia nzima.

Alhamisi, tarehe 7

Leo sikutafuta chochote. Kimejileta chenyewe.

Meneja aliingia dukani na furushi. Joho limesafirishwa limekunjwa, limejaa makunyanzi, tulinyooshe kwa pasi lichukuliwe kesho jioni. Shangazi akapokea, akanikabidhi mimi. Mimi!

Nimelitandaza mezani. Bluu ya sare za shule. Nililiangalia mpaka macho yakaniuma. Halafu damu ikatulia ghafla, maana nilikumbuka kwamba mimi si shabiki tu. Mimi ni dobi. Wengine wakiona bluu wanaona bluu. Dobi anaona kijani ambacho hakijatiwa manjano.

Kesho mchana shangazi anakwenda kung'olewa jino. Paketi za rangi ya manjano ziko rafu ya chini, nyuma ya siki.

Meneja hatakuwa na muda wa kulibadilisha. Mzee atapanda jukwaani, ataona kijani chake, atauliza kwa sauti ni nani huyu aliyemwokoa Kutu. Ikiwa hapo ameshamaliza kumfokea shemeji, basi vizuri zaidi.

Ijumaa, tarehe 8

Nimefaulu. Kwa sehemu kubwa.

Shangazi alipotoka tu nililitia joho kwenye mashine ya pili. Maji ya moto, manjano, chumvi. Nikakaa nikilitazama likizunguka nyuma ya kioo. Bluu, bluu, bluu, halafu kidogo, halafu ule ukungu! Uleule wa ukurasa wa kwanza! Nililia. Nasema wazi, nililia, na pua ilikuwa kwenye kioo.

Kilichobaki kilikuwa kulisuuza mpaka maji yawe meupe, kisha kulitia siki rangi ishike. Mtoto yeyote wa dobi anajua. Usiposuuza, rangi itatoka na jasho la kwanza.

Mlango ukalia. Shangazi! Eti daktari wa meno kaumwa jino. Daktari gani huyo? Aibu gani hii? Nikalichomoa joho likidondoka maji, nikalitupa juu ya meza ya pasi, nikalikandamiza pasi ya moto kabisa na kumpa shangazi mgongo. Mvuke ulijaa duka zima. Akauliza kwa nini natoka jasho. Nikasema nalihurumia jino lake.

Hapo akachukua sare nyeupe za wahudumu wa hoteli, rundo zima, akaenda nazo kwenye mashine ya pili.

Niliona. Nilifungua mdomo. Nikaufunga.

Zilitoka rangi ya ndizi mbichi.

Shangazi, shavu limevimba, alizigeuza nje ndani, ndani nje. Kisha akasema ni sabuni mpya. Akampigia muuza sabuni, akamtukana kwa upande mmoja wa mdomo. Alipochoka akanipa simu nami nikamtukana. Nilimtukana kwa moyo wote. Nadhani nilikuwa na hasira na daktari wa meno.

Shemeji alikuja kulichukua joho kwa niaba ya meneja. Nilikuwa nimelitia kwenye mfuko mweusi. Nikamwambia asilifungue mpaka kesho, lisipate makunyanzi. Akachungulia papo hapo. Akaniangalia. Nikakaza uso. Akaufunga mfuko mafundo mawili, akaondoka nao.

Jumamosi, tarehe 9

Naandika kwa shida. Kalamu imetoboa karatasi mara mbili.

Ukumbi ulifurika. Watoto, wazee, watu wa rika langu wenye fulana za Kutu zisizowatosha. Nilikaa mstari wa mbele, toleo langu la kwanza mapajani, mikono nimenawa. Shemeji akatokea na joho la kijani, refu, linamfuata nyuma kama linavyotakiwa. Meneja alibaki mdomo wazi, lakini mchoraji alikuwa ameshafika mlangoni. Nikatabasamu peke yangu.

Kisha taa za jukwaa zikawashwa.

Shemeji hakuzoea joto. Alianza kutoka jasho kwenye kisogo. Mchirizi wa kwanza uliteremka shingoni, wa kijani. Wa pili ukapita nyuma ya sikio. Akajifuta uso kwa ncha ya joho, masikini, akawa kijani mpaka kwenye nyusi. Watoto wakaanza kupiga kelele za furaha. Yeye akaendelea kutembea. Akafika mbele ya mzee, akainama mpaka chini, akanyoosha vidole viwili, akamshika sikio.

Nikafumba macho, nikingoja kofi.

Nikasikia kicheko. Mzee alikuwa anacheka mpaka fimbo imemtoka! Sikio lake la kijani! Akasema hajawahi kusalimiwa vizuri hivyo maishani mwake. Akamrudishia salamu, akamshika shemeji sikio. Umati mzima ukaanza kushikana masikio. Jirani yangu, mtu nisiyemjua, alinishika langu. Nilimtolea macho.

Mzee akapewa maikrofoni. Na sasa ndiyo naanza kukasirika.

Alisema Kutu aliyemchora alikuwa na joho la bluu. Bluu! Siku ya kuchapisha toleo la kwanza, mpiga chapa hakuosha mashine. Alikuwa amechapisha kitu cha manjano asubuhi, rangi ikabaki kwenye roli, bluu ikalala juu yake, joho likatoka kijani. Karatasi ilikuwa imekwisha, hapakuwa na kurudia. Na kwa kuwa la kwanza lilitoka kijani, yaliyofuata yote yalilazimika kufuata. Miaka yote hiyo, alisema, kila akimwona Kutu alimwona mtu aliyevalishwa nguo ya mwenzake. Wenye filamu walipomwuliza anataka nini, aliomba kitu kimoja tu. Bluu. Ndiyo iliyomtoa kwake, na magoti yake mabovu, kuja kuliona joho la bluu kwa macho yake.

Akageuka akamtazama shemeji. Akasema, kwa sauti ndogo, kwamba anaona mashine haikuoshwa tena.

Meneja akauliza, ameuma meno, ni nani aliyefanya hivi. Shemeji aliniangalia mimi, moja kwa moja, juu ya vichwa vyote. Kisha akasema ni yeye. Alilimwagia dawa ya kusafishia mafriji kwa bahati mbaya.

Mwizi! Kazi yangu! Joho pekee sahihi katika shughuli yote, na sifa kachukua yeye!

Nilikwenda kwenye foleni ya saini. Nilipofika mbele ya mzee nikamweleza yote. Ukungu, chuma, kuliwa. Alinisikiliza kwa makini. Akasema ni wazo zuri sana, laiti angekuwa nalo yeye. Angekuwa nalo? Analo! Ni lake! Basi tu hajui!

Akaliona toleo langu la kwanza. Machozi yakamlengalenga. Akasema hajawahi kuona nakala safi namna hii, imetunzwa kama mtoto. Akaomba alishike. Nikampa, roho imejaa mpaka juu. Hii ndiyo saa yangu, nikasema. Hii hapa.

Akachukua kalamu nene ya bluu. Na kabla sijapata sauti akaanza kulipaka joho. Kwenye jalada! Polepole, ulimi umetoka pembeni ya mdomo, mpaka kwenye kingo, hakuvuka mstari hata mara moja. Kisha akaandika chini: kwa shabiki wa kweli, sasa limekaa sawa, na jina lake.

Nikamshukuru. Mimi huyu! Nikasema asante sana mzee wangu, na nikamshika sikio!

Filamu sijui ilikuwaje. Sikuiona. Nilikuwa naangalia jalada gizani.

Jumapili, tarehe 10

Shangazi amefungua kichujio cha mashine ya pili, akakuta karatasi ya paketi ya manjano. Hakupiga kelele. Taya limevimba, hawezi. Alinionyesha tu ile karatasi, akaonyesha rundo la sare, akaonyesha barua ya hoteli kwamba nguo zao wanazipeleka kwingine. Kisha akakaa kwenye kiti cha wateja akawa anaangalia ukuta. Ningependa angenirushia ndoo.

Kuanzia kesho sigusi mashine. Naanika tu. Na jioni nitafuatana naye kwa muuza sabuni kumwomba radhi.

Sawa. Nimejikaza kisabuni. Lakini chumbani lile jalada linanitazama. Ile bluu. Nilijaribu kulizoea. Niliangalia kwa jicho moja. Niliangalia kwa mbali. Bado bluu.

Nikajiuliza, mimi ni kazi gani? Nimetoa wino kwenye kanzu za watu wazima waliovujiwa na kalamu kifuani. Kalamu hii moja itanishinda? Nikachukua dawa ya madoa, pamba kwenye njiti, nikagusa pembeni kabisa mwa joho.

Bluu ikatoka! Ikatoka vizuri!

Kikatoka na kijani. Akatoka na Kutu. Dawa haikungoja niinue mkono, ilitembea yenyewe kwenye karatasi, ikaenda chini, ikafika kwenye saini. Jina la mzee lilivimba, likaogelea, likapotea. Nilipuliza. Nilipepea. Nilibaki na jalada lenye tundu jeupe la umbo la mtu.

Nimelia kwa sauti mpaka shangazi akaja kugonga. Nikasema ni jino.

Jumatatu, tarehe 11

Shemeji alikuja dukani asubuhi. Shingo yake bado ya kijani. Dada alikuwa amesikia habari kwa shangazi, na shemeji akasikia kwa dada.

Alinisubiri nimalize kuanika. Akaniambia kwamba Jumamosi, watu walipotawanyika, alimfuata mzee kumwomba radhi ya joho. Mzee akamwambia asijali, amecheka siku ile kuliko mwaka mzima. Kisha akafungua mkoba wake akatoa nakala yake mwenyewe ya toleo la kwanza. Imezeeka, ina mikunjo. Aliipaka bluu kwa mkono wake usiku uleule ilipotoka kiwandani, akiwa kijana mwenye hasira, na hakuwahi kumwonyesha mtu. Akaisaini, akampa shemeji.

Na shemeji ameniletea mimi. Akasema yeye hajui kuitunza. Anayejua ni mimi. Akasema vitabu vyangu alivisoma vyote kabla ya Jumamosi, dada alimchukulia chumbani kwangu nikiwa kazini, ili asiniaibishe. Nikaona aibu mpaka miguuni. Nikamwambia ukweli kuhusu sikio. Akasema anajua, hakuliona popote kitabuni, ila aliona ni salamu nzuri.

Nilimkumbatia hapo kwenye kamba, katikati ya mashuka. Shemeji wangu! Nimeapa mbele yake kwamba nimekoma. Sitafundisha watu uongo, sitagusa kisicho changu, sitabishana tena na rangi. Alinipiga bega akaenda kazini.

Nimenawa. Nimeitandaza mezani. Nakala pekee duniani iliyo na mkono wa mzee alipokuwa kijana. Mistari yake, saini yake, alama ya dole gumba lake pembeni. Nimeitazama mpaka mchana kwa heshima. Ni nzuri kupita maelezo.

Ila ile bluu.

Jana kosa lilikuwa dogo tu. Dawa ilikuwa nyingi na pamba nene. Ukichanganya na maji nusu kwa nusu, kwa brashi nyembamba, ukaanzia katikati, haiwezi kufika kwenye saini.

Shangazi ametoka. Daktari wa meno amepona.